Chakula cha Vidole Viwili

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Baba anasema daktari wa mifupa amekuamuru ulale chali kwenye ubao wiki sita, na kwamba wewe na huo ubao hamuelewani. Sisi huku wazima. Ningepiga simu, lakini unanijua, kwenye simu nakaa kimya mpaka mtu anadhani mtandao umekatika. Kwa hiyo naandika.

Nimeanza kazi yako Jumatatu. Dada wa mapokezi alinionyesha tangi la samaki kana kwamba ananitambulisha kwa mgonjwa mahututi. Tangu uondoke hakuna aliyebadilisha maji. Mwani umefunika mawe kama sufu ya kijani, matumbawe yamejifunga, na yule samaki wa njano mliyemwita Meneja haonekani mpaka ubandike pua kwenye kioo. Nilipima nitrati, ule uchafu unaolisha mwani: maji kwenye kichupa yaligeuka mekundu kabisa. Hamsini.

Daktari alitoka na barakoa yake, koleo la meno mkononi, akasema, "Mwisho wa Aprili nisipowaona samaki nikiwa nimesimama mlangoni, naliuza tangi, naweka televisheni." Tangi likiondoka, na mimi naondoka. Ndiyo kazi yenyewe.

Ila amenunua ile silinda ya punje. Fundi wa matangi aliifunga: punje nyeupe kama mchele, bakteria wanazila, na wakishazila wanakula na nitrati na fosfati. Fundi anaongea haraka sana. Aliniuliza, "Umeelewa?" Nikaitikia kwa kichwa. Shangazi, sikuelewa bomba la kutokea maji linawekwa wapi. Niambie.

Mpwa wako


12 Februari

Konokono wangu,

Marahaba. Mgongo upo, ubao upo, na mmoja wetu lazima ashindwe. Huyo si mimi. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Sikia. Lile bomba usilielekeze ndani ya tangi. Lielekeze kwenye mdomo wa pampu ya chombo cha povu, kule kabatini. Bakteria wanaonenepa kwenye punje wanachukuliwa na povu, wanaingia kwenye kikombe, wewe unakimwaga. Ukiwaachia tangini, maji yatakuwa maziwa. Na anza na nusu ya punje. Maji yapite kwa kasi ya kuzizungusha polepole, kama mchele unaoanza kuchemka. Zikilala zitagandana na kunuka yai bovu. Usitegemee kitu kabla ya wiki tano.

Fundi alinieleza haya yote miaka miwili iliyopita. Daktari wakati ule akaona ndoo zangu za kubadilisha maji zinatosha.

Namba ya fundi iko ndani ya mlango wa kabati, nimeiandika kwa kalamu nyekundu. Mpigie. Hang'ati.

Shangazi yako


21 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ubao umeanza kukuheshimu. Mwambie Bibi nakula.

Barua yako ilifika Jumanne. Maziwa yalifika Jumamosi iliyotangulia.

Niliweka punje zote na bomba nikalielekeza tangini, maana nilidhani maji safi yanarudi kwa samaki, si ndivyo inavyoonekana? Asubuhi ile maji yalikuwa meupe na samaki wote wako juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Wagonjwa saba wamekaa wanatazama. Dada wa mapokezi yuko kwenye simu. Nilichukua jagi la maji ya kunywa, nikawa nachota maji ya tangi na kuyamimina kutoka juu ili yaingize hewa. Nachota, namimina. Mikono ilipokufa ganzi, mzee mmoja mwenye shavu lililovimba alinyanyuka, akaninyang'anya jagi, akaendelea. Hakuweza kuongea kwa maumivu, na mimi sikuweza kwa sababu ni mimi. Tulifanya kazi vizuri sana. Zamu yake ilipofika alikataa kuingia mpaka nikubali kulishika tena jagi.

Hakufa hata mmoja. Daktari alipita akasema tu, "Leo maji yana ukungu." Nikasema, "Ndiyo, Daktari."

Sasa bomba liko kwenye pampu ya povu na punje nimepunguza nusu. Fundi sijampigia. Usicheke.

Mpwa wako


24 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Bado uko kwenye ubao au umeruhusiwa kukaa? Baba anasema sauti yako kwenye simu ni ileile, na hiyo ni dalili njema.

Wiki ya tano ilifika na silinda ikaanza kazi, kama ulivyosema. Kikombe cha povu kinajaa uchafu wa rangi ya chai ya rangi. Nitrati ikashuka mpaka thelathini, nikafurahi mpaka nikamsalimu dada wa mapokezi kwanza. Halafu ikagoma. Wiki hii imerudi arobaini. Nimesafisha pampu, nimeangalia punje, zinazunguka vizuri. Nikajiuliza: uchafu unatoka wapi? Mimi nalisha mara moja tu kwa siku.

Nilichora mstari wa penseli kwenye kopo la chakula. Kesho yake chakula kilikuwa chini ya mstari. Nikachora mwingine. Kikashuka tena.

Alhamisi nilikuwa nimechuchumaa kabatini nasafisha kikombe, hakuna aliyeniona. Samaki wote walikimbilia kona ya kulia. Ndipo mlango ukafunguliwa. Ni Daktari. Alivua glavu, akafungua kopo, akachota kwa vidole viwili, akanyunyiza. Alisimama akiwatazama wakila. Vidole vilikuwa vinatetemeka, Shangazi, halafu vikatulia. Akavuta pumzi, akarudi ndani, na baada ya dakika chache nikasikia jino likidondoka kwenye kisahani. Siku ile alikuwa na meno sita ya kung'oa. Alitoka mara sita.

Nitamwambiaje mtu aliyenipa mpaka mwisho wa Aprili kwamba mwani ni wake?

Na kuna jambo jingine. Samaki walikwenda kwenye ile kona kabla mlango haujafunguliwa. Wanavijua viatu vyake. Hilo halikuanza juzi. Umelitunza tangi hili miaka tisa. Ulikuwa unajua?

Mpwa wako


10 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako haijafika. Natumaini si mgongo. Nitrati arobaini na tano. Zimebaki siku ishirini.

Mpwa wako


17 Aprili

Konokono wangu,

Marahaba. Mgongo hauna neno, nakaa, natembea mpaka mlangoni. Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeiandika mara nne.

Nilijua. Tangu mwaka wa kwanza.

Niliona vile vidole vinavyotetemeka, nikasema moyoni, mimi nani nimwambie daktari mzima aache? Nikaongeza ndoo. Zilikuwa mbili kila Jumamosi. Daktari akapata wagonjwa wengi, nikaongeza Jumatano. Halafu Ijumaa. Maji yakawa safi, kila mtu akanisifu, na mimi nikanyamaza. Daktari wa mifupa aliponiuliza nilikuwa nabeba nini miaka yote hiyo, nilisema, "Maji." Akadhani natania.

Na mimi ndiye niliyekuandikia kwamba fundi hang'ati. Mdomo wangu wa sokoni unawatisha wote, kumbe palipohitajika neno moja nilibeba ndoo.

Sikuambii ukaseme. Ukinyamaza sitakulaumu, maana nitakulaumu kwa lipi? Ila ndoo usiinue. Hilo nakukataza.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba anasema umetembea mpaka dukani na ukagombana na muuza duka. Tumefurahi sote.

Barua yako na mimi tulipishana. Ilipofika nilikuwa nimeshasema. Nilingoja jibu lako mpaka tarehe kumi na tano, nikaona labda halitakuja. Nilifanya mazoezi mbele ya Meneja, lakini kwa Daktari ulimi ulikataa, kwa hiyo niliandika kwenye karatasi, nikampa alipotoka, na vidole vyake vimeshaingia kwenye kopo. Niliandika: "Daktari, mimi nalisha mara moja. Wewe Alhamisi ya meno sita ulilisha mara sita. Silinda haiwezi kuwashinda watu wawili."

Alisoma. Barakoa ilificha uso, sikujua kama nimefukuzwa.

"Umehesabu?"

"Ndiyo, Daktari."

"Shangazi yako hakuwahi kusema kitu."

Hapo sikuhitaji karatasi. Nilisema, "Shangazi alibeba ndoo, Daktari."

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kile karibu na mlango. Alikaa muda mrefu mpaka dada wa mapokezi akaja kumwita.

Sasa tunafanya hivi. Kila asubuhi napima chakula cha siku nzima, nakiweka kwenye kile kisahani cha chuma cha kuwekea meno. Kopo nimelifungia. Anachota atakavyo, lakini kikiisha kimeisha. Siku za meno mengi unamwona anatoa chembe mojamoja, kama mtu anayetia chumvi. Vidole vinatulia vilevile.

Mwisho wa Aprili nitrati ilikuwa kumi na nane, na Meneja alionekana kutoka mlangoni. Hakuna aliyetaja televisheni. Leo ni nane. Fundi anasema nisiache ishuke mpaka sifuri, maana maji yakiwa safi kupita kiasi matumbawe hupauka kwa njaa. Nitoe kikombe kimoja cha punje silindani. Ndiyo, nimempigia. Nilikaa kimya kidogo tu.

Jana Daktari alivua barakoa akaniuliza ulikuwa unabeba ndoo ngapi kwa wiki. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nikamwambia sijui, na nikampa anwani ya Bibi. Atakuandikia. Mjibu wewe mwenyewe, Shangazi, na usipunguze hata ndoo moja.

Hang'ati.

Mpwa wako