Baba, Nyungunyungu Sikuwatupa

Mpendwa baba,

Tangu uzikwe nina neno la kukuambia, na safari hii huwezi kunikatia simu.

Unakumbuka shamba letu la viazi kule Tukuyu? Nilikuwa darasa la pili. Jembe langu lilifukua nyungunyungu, nikapiga kelele, nikainua mguu nimkanyage. Ukanishika mkono. "Muache, mama. Huyo analima bila kulipwa." Ukamfukia taratibu kwa kidole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Mimi siku ile nilijifunza, baba. Wewe ndiye uliyesahau.

Maana nilipokupigia kutoka Brooklyn Center, huku Marekani, kukuambia nimeacha kazi ya pili, ile ya wikiendi kule Coon Rapids, uliniuliza kwa nini. Nilikueleza jinsi gari langu lilivyoteleza kwenye barafu mara mbili wiki moja, nikaishia mtaroni na sare yangu ya kazi. Nikakueleza kwamba hospitali bado naenda siku za kawaida, ila pengo la wikiendi nitaliziba kwa kufuga nyungunyungu kwenye mabeseni, katika chumba cha chini ya nyumba. Nawalisha maganda ya ndizi na majani ya chai. Wavuvi wa maziwa ya huku wananunua chambo, wenye bustani wananunua mbolea.

"Minyoo?" ulisema. "Nimewatangazia watu kanisani kwamba binti yangu anauguza wagonjwa Marekani. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie anafuga nyungunyungu pia."

"Watupe leo hii, mama. Usinitie aibu."

"Siwatupi, baba."

Ukakata simu. Kuanzia hapo tuliongea habari za mvua na za mguu wako unaouma tu, mpaka ukaondoka.

Sikuweza kuja kukuzika. Wenzetu wa kanisa la hapa wakakufanyia ibada ya kumbukumbu. Baba mdogo alituma wasifu wako, mzee wa kanisa akausoma mbele ya watu wote: "Ameacha binti mmoja, muuguzi nchini Marekani." Nikasimama.

"Samahani, mzee. Ongeza: na mfugaji wa nyungunyungu."

Mtu nyuma yangu akacheka. Jirani akanivuta gauni nikae. Mzee akanitazama juu ya miwani, akingoja. Sikukaa. Nilibaki wima mpaka aliposoma upya, safari hii na mimi nikiwamo mzima. Baba mdogo alikuwa anafuatilia kwenye simu; nasikia alinuna siku mbili. Shauri yake.

Wakati wa chai, mama mmoja ambaye hajawahi hata kunisalimia akanisogelea. "Hiyo mbolea," akanong'ona, "sukumawiki yangu itaipenda?"

Nakulilia, baba. Jikoni nalia, kwenye gari nalia. Lakini radhi siombi. Hiyo aibu uliyoiona wewe, mimi nimeitafuta nyumba nzima sijaiona. Nimeona Jumamosi zangu zimenirudia, na mgongo wangu unanyooka. Wiki hii naongeza mabeseni matatu.

Kama huko uliko bado umekasirika, kasirika. Ningetoa chochote nikusikie ukinigombeza mara moja tu. Na ningekujibu vilevile.

Pumzika, baba yangu.

Binti yako, mkaidi kama wewe