Jina Langu Literemke Jukwaani

Najma, Doha

Kwa dada yangu Mwanahawa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wa kulia unaandika na wa kushoto umeikandamiza karatasi isichukuliwe na feni. Hujambo? Magoti yako yamekubali kusujudu au bado unasalia kitini? Mimi mdogo wako ni mzima kama ngamia. Joto la huku mwaka huu limeua mpaka nzi, lakini juzi nimekaanga mayai juu ya bati la kibanda changu cha getini, wakala watu watatu na mmoja akasema yameungua.

Kazi ni ileile, mkuu wa geti katika skuli ya matajiri kule Muaither. Wengine wanasema mlinzi, shauri yao. Mlinzi hana kiti kinachozunguka. Mwaka jana mwalimu wa hesabu alishikwa na tumbo, basi mudiri, yaani mwalimu mkuu wao, akatoka mwenyewe juani mpaka getini: "Ya Haji, ingia wewe." Nikaingia. Watoto wale, kila mmoja baba yake ana gari nne, walinyamaza kama maji ya mtungini. Niliwapigisha hesabu za kugawanya hata kengele ilipolia na wao wakalia, hawataki nitoke. Mudiri alinishika mkono nibaki moja kwa moja. Nikamwambia, na geti utamwachia nani?

Mtu kama huyo, Dada, ndiye mwanao anayemtangaza kuwa hajui kusoma.

Sikiliza ilivyokuwa. Ijumaa baada ya sala tulikuwa chumbani watu sita, tunangoja wali uive. Mmoja wetu ni Salum, ambaye dada yake ameolewa na yule mgombea anayeshindana na Zuhura wako kwenye kiti cha uwakilishi wa jimbo. Salum akaniita na simu yake: "Mzee Haji, njoo umuone mpwa wako." Nikasogea kifua mbele, maana nilikwishawaambia wote kwamba hotuba za Zuhura namtungia mimi.

Nikamwona kweli jukwaani, na sauti yake ileile inayokwaruza kama sufuria linalosuguliwa kwa mchanga. "Fungu la skuli lifike skuli! Mzazi asichangishwe chaki! Hesabu za kamati zibandikwe mlangoni, kila mbao ijulikane ilipo!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, sikatai, maneno yalikuwa mazuri. Kisha akashusha sauti, akajifuta jicho lisilokuwa na chozi, akasema: "Mjomba wangu Haji alisoma amekaa sakafuni mpaka darasa la sita, akaacha skuli kwa kukosa dawati. Leo analinda mlango wa watu Doha, na mkataba wake aliutia dole gumba. Nichagueni, asitokee Haji mwengine!" Uwanja mzima ukaitikia: "Asitokee!"

Chumba kilicheka mpaka wali ukaungua. Salum akaniuliza, "Mzee, hizi hotuba unamtungia kwa dole lipi?"

Tangu siku hiyo Najma yote sina jina jingine. Hata Mkenya wa duka la simu, asiyejua Unguja iko upande gani wa dunia, nikipita anapiga kelele: "Niaje, Haji Mwengine!" Mtu mzima, mvi hizi, nimegeuzwa ugonjwa wa kuchanjiwa watoto.

Ukaja na ujumbe wako, umeutuma kwa simu ya Zuhura, nirekodi sauti ichezwe kwenye mkutano wa kufunga kampeni. "Waambie ukweli tu, mdogo wangu, watu wamwonee imani mtoto." Haya. Ukweli umeutaka mwenyewe, nami nauandika kwa mkono, maana yaliyomo kwenye simu ya Zuhura yanafutika kwa kidole. Na wewe, Dada, hukusomeshwa hata herufi moja, baba alisema kalamu haipiki. Kwa hivyo najua kuwa hivi sasa anayekusomea ni Zuhura mwenyewe, na hapa ameshaanza kukohoa.

Zuhura! Soma. Wewe si mwalimu? Usiruke mstari. Bibi anayetoka huku na barua hii nimemwambia asiondoke barazani mpaka salamu za mwisho, na yeye nitamsomea yote kabla hajakwenda uwanja wa ndege. Ukiruka, atakukumbusha.

Dada, madawati yetu hayakukosekana. Mbao zilikuja. Zilikuja gari zima, za mvule, kila ubao umepigwa rangi nyeupe neno SKULI, tukazishusha sisi wanafunzi kwa mabega yetu mpaka shati likachanika. Fundi wa kuzichonga aliyechaguliwa na kamati alikuwa Makame, ambaye wakati huo alikwisha kukuposa. Yakatoka madawati manne, ya walimu waweke madaftari. Sisi tukaambiwa mbao zimeliwa na mchwa. Mchwa gani huyo anayekula mvule kwa wiki tatu?

Siku moja nimetumwa na mama kwa Makame kupeleka chakula, nikakuta kitanda cha besera, cha nguzo nne, cha harusi yenu, kimesimama, kinapakwa vanishi. Nikapiga magoti nikachungulia chini. Chaga zote za kubebea godoro, kwa upande wa chini, zina rangi nyeupe ya lile neno SKULI. Kesho yake mwalimu akauliza darasani nani anajua kwa nini mpaka leo tunakaa chini. Nikanyoosha mkono. Mimi ndiye niliyekuwa nikijua, kwa nini nisinyooshe?

Nilichapwa mpaka wakabadilisha bakora. Jioni ileile kamati ikaja kwa baba, na baba akaniuliza swali moja tu: "Unataka posa ya dada yako ivunjike?" Nikatolewa skuli. Ikatangazwa kwamba kichwa changu kizito, hakishiki. Na wewe, Dada, ulilisema hilo kuliko wote, uliwachekesha wenzako kisimani kwa jinsi ninavyosoma kwa kukokota. Halafu ukafukizwa udi, ukapambwa, ukaenda kulala juu ya darasa la sita. Huo ndio ukweli wako. Miaka yote hiyo umelalia neno usiloweza kulisoma.

Wewe nakusamehe nusu, kwa sababu hujui herufi. Lakini huyu? Amezaliwa juu ya chaga hizo. Amefagia uvunguni mwake tangu ana miaka saba, na alikuwa wa kwanza darasani kwa kusoma, mliniandikia mkijisifu. Aniambie macho kwa macho kwamba hakuliona. Aliliona, akalifagia na vumbi, na sasa anasimama mbele za watu kudai kila mbao ijulikane ilipo. Mbao anajua zilipo. Baba yake na mgongo wake mbovu amelala juu yazo hivi sasa, anasubiri kuitwa baba wa Mwakilishi.

Basi sauti sitarekodi. Nasema hivi. Jina langu literemke jukwaani. Akitaka mfano wa mtu aliyekosa dawati, amtaje aliyelichukua, jina la baba yake nalo ni fupi, halimchoshi mdomo. Akifanya hivyo siku ya kufunga, wallahi mimi nitamrekodia si sauti moja, nitamrekodia kaseti nzima, na nitawaambia wote wa Najma wapige simu nyumbani achaguliwe, kwa maana hatujapata kuwa na Mwakilishi aliyeanzia ukaguzi chumbani kwao. Lakini hathubutu. Anao uso wa kuuza uchi wangu. Uchi wa kwao hauuzi.

Na asidhani bahari imenifunga mdomo. Salum kila siku ananimiminia chai ya maziwa, ananivutia mto niegemee, ananiambia, "Mzee wangu, hebu tueleze vizuri hilo dawati lilikwenda wapi?" Mpaka leo namjibu mchwa, na chai naiacha ipoe. Nikisikia jina langu jukwaani mara moja tena, hata kwa sifa, chai ile nitainywa, tena nitaomba na ya pili.

Nisalimie shangazi yetu msuka mikeka, mwambie kofia aliyonishonea naivaa kila Ijumaa na Mhindi mmoja ameshataka kuinunua kwa bei ya baiskeli. Nisalimie imamu, na jirani yako muuza urojo. Mwalimu wangu aliyenichapa, kama bado yu hai, mpe mkono, mwambie nilikuwa na jibu sahihi.

Shemeji yangu Makame salamu zake usimpelekee. Pazia tu ndilo linalomtenga na hapo barazani mnaposomea, keshazipata zote.

Ni mimi mdogo wako, kwa kalamu yangu,

Haji