Kikombe cha Glody

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Daktari amemwambia Bintu, binti yangu, siyo mimi. Nimesikia kupitia mlango: moyo umechoka, Noeli labda hafiki. Nimefundisha hesabu miaka arobaini. Hadi Noeli najua kuhesabu.

Basi mchezo wa video ninaoutengeneza na Mireille lazima ukamilike. Mireille amekuja saa nne na michoro yake. Umati mzima kwa nukta nyeusi na nyeupe, na kila kichwa kina hasira yake! Kimashine chenyewe cha kuchezea kinaenea kiganjani: kioo kidogo, vifungo viwili, na ubavuni kimkono cha kuzungusha, kama cha cherehani. Ukizungusha, mtu wetu anakimbia. Ukiacha, wanamfikia. Mawe, matofali, mwisho tairi. Mireille hataki kupunguza hata jiwe moja.

— Papa Prof, bacheze mpaka mikono ibaume. Batu banaangaliaka tu. Sasa bakimbie!

Mtu wetu ni kaka yake, Glody, fundi wa mashine ndogo. Umati ulimuua hapa mtaani Nguba, barabarani mbele ya dirisha langu, miaka mitatu iliyopita.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemaliza chombo cha umati, programu inayoendesha watu wa mchezo. Kanuni ni moja: kila mtu hutazama majirani wawili, wakipiga kelele, naye hupiga. Nimekiweka mtandaoni, bure. Mtu wa Ureno ameandika asante — amekitumia kuchezesha wageni wa harusi. Mwingine kondoo!

Shida: umati hauanzi wenyewe. Wanasimama tu, wapole, siku nzima.

— Programu yako iko na rhumatisme ya viungo kama weye, Mireille amenitania. Kisha, bila kucheka: Lazima mutu moja aanze. Iko nani?

Nimesema nitatafuta. Nikazima kompyuta mapema. Akadhani ni ugonjwa, akaniletea maji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Risasi alfajiri, upande wa Kadutu. Tumezoea. Saa tano, kitu kingine: filimbi, halafu "mwizi, mwizi", halafu vicheko. Wamemuua mtu karibu na soko dogo.

Mireille alipita palepale. Ameingia na damu kwenye kiatu. Hakulia. Alikaa, akachora kiwiko. Kiwiko cha mtu anayeinua tofali, mara ishirini, mpaka akapata.

— Kinapandaka hivi. Miye nilikichora vibaya.

Kisha akaomba jambo. Mchezo uanzie hapa kwangu, kwa ile chai aliyokunywa Glody siku ya mwisho. Mchezaji aone kwanza kikombe, Glody akinywa, mvuke. Njo bajue huyu iko mutu, amesema: ndiyo wajue ni mtu. Ameshakichora. Kikombe kidogo chenye mpini uliovunjika, kama vyangu.

Niliomba anisaidie kulala.

Jumapili, 12 Oktoba

Hakukuwa na chai.

Naliandika neno hili tena, kwa wino. Hakukuwa na chai.

Jumapili 14 Agosti 2022. Bintu alikuwa kanisani. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo kengele ya geti haikulia. Nilisinzia kwenye kiti, hapa chumbani, dirisha wazi. Glody aligonga, akachoka, akaruka ukuta. Akaacha barazani kimashine hiki hiki, nilichompa atengeneze, betri mpya, kimefungwa gazeti. Nilifungua macho nikaona mgongo wa mtu juu ya ukuta wangu, na mfuko. Nikaita: Mwizi! Mara moja tu. Sauti ya darasani — ile inayofika mwisho wa uwanja.

Watu walikuwa wanatoka misa. Mmoja alipachika kitabu cha nyimbo kwapani ili apate mkono wa kuokotea jiwe.

Tofali la kwanza lilimpata sikioni. Kofia ikaanguka, nikamtambua. Alipiga magoti, akanyoosha kidole dirishani kwangu. Prof! Prof! Na wao wakageuka. Wote! Mawe mkononi, wakaningoja niseme.

Nikafunga pazia. Lile la maua, aliloshona marehemu mke wangu, Madeleine.

Niliogopa. Anayemwita mtu mwizi kwa uongo, naye hupigwa. Nyuma ya pazia nilisikia matofali, na mtu akiuliza petroli iko wapi, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Harufu ilikaa kwenye kitambaa mpaka Desemba.

Mireille alipokuja kuuliza, nilimwambia: alifika salama, akanywa chai, akaaga. Mtu fulani barabarani ndiye aliyeita. Alinishika mikono yote miwili. Amekuwa akija tangu siku ile. Mtaa mzima unajua, na mtaa mzima unanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jiwe lake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Miaka mitatu nimejiambia: hata ningesema, wasingesikia.

Leo nimejaribu kwenye programu. Nimemweka mzee dirishani, aanze. Kisha, hatua kumi baadaye, akane kelele yake. Nimeendesha umati mara arobaini.

Mara thelathini na saba ulisimama.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia Bintu. Alijua. Ndiye aliyekuta kifurushi barazani siku ile. Alikunja gazeti, akaenda kupika.

— Papa, weye unaenda. Miye njo nitabaki humu! Ukifungua kinywa, majirani batasema tunabauza, tunabataja. Batatuchoma na nyumba.

Nikasema Mireille ana haki. Akasema na yeye ana shingo ya kuvishwa tairi. Kweli, anayo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siwezi kusimama. Mireille yuko sebuleni, kimashine mkononi. Nimempa toleo jipya la mchezo. Kikombe nimekiondoa. Dirishani nimeweka mzee mwenye miwani kama yangu, na pazia la maua. Yeye ndiye anayeanza.

Saa tisa alasiri. Nasikia kimkono — kri, kri, kri.

— Papa Prof, umesahau kikombe!

Bado anacheka. Kri, kri. Ukuta. Barabara. Tofali. Sasa kimya: amefika pale umati unapogeuka. Hapo nimemfunga mchezaji, hawezi kukimbia. Lazima angoje pamoja nao mpaka pazia lifungwe.

Ameanza upya.

Mara ya tatu sasa. Kila mara kimya kilekile, mahali palepale. Hazungushi tena kwa haraka.

Bintu amesimama mlangoni kwangu na funguo za geti. Geti ameshalifunga. Kwa ndani! Ananong'ona: sema ni makosa ya programu, Papa. Sema tu. Na ingewezekana. Mireille angeniamini. Angerudisha kikombe mwenyewe.

Kiti kimesogea sebuleni. Hatua. Amempita Bintu bila kumwona. Yuko mbele ya kitanda, na kimashine amekielekeza kwangu, kioo kinawaka.

— Papa. Mireille leo hasemi Prof. — Maua ya hii pazia. Si njo ya ile iko nyuma yako?

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeshika pazia, namwonyesha maua.