Ijumaa Nisimame Paredi

Jumatatu, 2 Februari

Nimerudi shule! Miezi sita nje, na uniform bado inanitosha — hapa kifuani tu ndio imegoma kufunga. Mtoto nimemwachia Cucu, nyanya yangu, huku Gatongora. Sikulia. Sawa, nililia kidogo, lakini kufika geti nilikuwa nimepanguza.

Hata sijaketi, deputy wa mwalimu mkuu akaniita ofisini, Madam Kaleli. Ati darasani nitaingia, lakini Ijumaa nisimame paredi niombe shule nzima msamaha, ndio wasichana wengine waogope. Nikikataa, jina langu haliendi kwa listi ya mtihani wa KCSE. Na barua ashaniandikia! Yangu ni kuisoma tu. Ati nimeaibisha shule, wazazi na Mungu. Haiya! Mungu alimtuma saa ngapi?

Nikitoka nikakutana na Mugo, baba ya mtoto. Form Four kama mimi, na ndiye hugonga kengele ya shule. Hajakosa masomo hata siku moja. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Jumanne, 3 Februari

Maziwa yamevuja katikati ya Chemistry. Shiko, tunayekaa naye dawati moja, akanipa sweta yake bila kuuliza kitu. Sweta na hili jua! Nimeshinda nikijipika. Lakini hesabu za mole nimezishika zote. Mimi si mjinga, nilizaa tu.

Alhamisi, 5 Februari

Tumekosana na Mami. Ati nisome barua yaishe, mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamwambia nishabusu vya kutosha, ndio maana tuko hapa! Mwiko ulinikosa kidogo tu. Cucu alicheka mpaka mtoto akaamka.

Baadaye Mami akalia. Yeye aliacha shule darasa la nane, akiwa na mimba yangu, na hakuna mtu alimwambia arudi. Anaogopa nitafukuzwa tukauze mitumba soko la Kimbo wote wawili. Mimi pia naogopa, tena sana. Lakini hiyo barua siisomi.

Ijumaa, 6 Februari

Naandikia hapa kwa benchi, nje ya ofisi ya deputy.

Nilisimama. Watoto mia sita mbele yangu. Barua nikaikunja nikatia mfukoni. Nikasema naitwa Waceke, nilizaa mwezi wa kumi, nimerudi kusoma. Na kama ni msamaha, tulikuwa wawili, na mwenzangu yuko hapa hapa. Akiitwa mbele, tutaomba pamoja. Jina sikutaja — wala haikuhitajika. Shule nzima iligeuka kumwangalia Mugo! Hata kengele alisahau kugonga.

Madam akaninyang'anya maiki. Ati niende nyumbani nilete mzazi. Nikamwambia mzazi apigiwe simu, mimi nina Maths. Sijui huo mdomo nilitoa wapi.

Mami alipigiwa, na amefika sasa hivi, aproni ya sokoni bado kiunoni. Amenipita bila salamu. Huo uso naujua! Nimekwisha.

Mlango haujafungwa vizuri. Madam anaongea, anaongea — heshima, mfano mbaya, listi inaenda leo saa kumi. Mami ni pole madam, pole sana madam. Ai, Mami!

Sasa ameuliza, kwa upole tu: na mama ya yule kijana, yeye mmemwita saa ngapi?



Nasikia kiti kikivutwa. Mami ameketi, ati atamngoja hapo hapo.