Kule Bofu Bado Unangoja Laptopu

Ruki, shoga yangu,

Imetoka. Nakwambia kabla ya salamu kwa sababu najua salamu usingezisikiliza. Ile laptopu nyepesi uliyoingoja mpaka mamako akadhani ni jina la mchumba, toleo lake jipya limetoka. Habari nilizisoma asubuhi moja jikoni, kikombe cha chai mkononi, nikajikuta nasema kwa sauti, "Ruki, imetoka." Mama akaniuliza kutoka uani, "Wasema na nani huko?" Nikamjibu nasema na simu. Nikamaliza chai yangu.

Sikuhisi kitu. Nakwambia mapema usije ukangoja machozi hapa. Tangu ulipoondoka mimi nimekuwa hivyo, naamka, naoga, nafagia, nacheka watu wakicheka. Mtu akinibana kidole kwenye mlango nadhani nitamwambia pole.

Na yenyewe ina nini? Umbo ni lile lile. Uzito ni ule ule. Wameongeza rangi moja ya samawati iliyopauka kama sare ya shule iliyofuliwa sana, na wanasema ndani ina kasi kuliko ya kwanza. Basi. Hilo ndilo walilotuwekea roho juu muda wote ule. Ungewatukana, Ruki, tena matusi ya nguoni, halafu jioni ungeanza kuuliza ile ya samawati inapatikana wapi.

Maana wewe hukuwa wa kuambiwa. Kila nilipokushika mkono tuingie dukani tununue iliyopo, ulinijibu neno moja: "Nikinunua leo, kesho yatoka mpya, halafu nilie mimi." Ulikuwa ukisoma uvumi wote wa mtandaoni na kuupigia hesabu za kwetu. Itatoka kabla ya Shaabani, tuwahi harusi za mwisho kabla ya mfungo. Haikutoka. Basi itatoka baada ya Idi, harusi zikirudi. Haikutoka. Hata watu wa kampuni hawakuijua Idi ni lini, lakini wewe uliwakasirikia kama mafundi nguo waliokula arbuni yako.

Na ulikuwa na haki ya kuitaka nyepesi. Lile Tofali letu, laptopu yetu ya zamani, lilikuwa si la kubebwa na mtu mwenye kifua kama chako. Lakini kuniachia mimi nilibebe, ng'o, hata mara moja. Tukishuka mteremko wa feri ulitembea vizuri. Tukipanda upande wa pili Likoni, ulisimama katikati ya watu ukatoa simu, ukajifanya umepata ujumbe, mpaka pumzi ikarudi. Nami nilijifanya nafunga kiatu. Siku moja nilikuwa nimevaa ndara, na bado niliinama. Uliniangalia.

Wengine walishangaa kwa nini Tofali halipelekwi kwa fundi likatengenezwa. Mtopanga nzima ina mafundi, wapo kila kona. Lakini wote wanaume, na ndani ya Tofali walikuwamo wanawake wa nusu ya Kisauni, nywele wazi, mabuibui yamevuliwa, wanacheza. Hiyo ndiyo kazi tuliyoichagua mimi na wewe: kupiga filamu za kupamba, na za kupamba tu. Bibi harusi anawekwa kitini kwa wanawake wenzake, simu za waalikwa zinaachwa mlangoni kwenye kikapu, na kamera inayoingia ni moja, yetu. Ulikuwa na masharti mawili na hukuyalegeza hata kwa binamu zako. Mashine haiguswi na mwanamume. Na filamu ikishafika mkononi mwa mwenyewe, kwetu inafutwa, yote, hata vipande vilivyoharibika. Ulikuwa ukisema, "Hii ni amana, si mali yetu." Kwa hiyo Tofali tukalipuliza vumbi wenyewe, tukalifungia feni, tukaendelea kungoja.

Wewe ulipiga, mimi nilikata. Hili sikukwambia waziwazi, ingawa nadhani ulijua: kazi yangu ya kwanza katika kila harusi ilikuwa kukutoa wewe. Ulisimama karibu mno na kamera. Bibi harusi akiinamisha uso, nyuma yake nasikia pumzi yako, ile filimbi nyembamba ya kifuani, inapanda na kushuka, na katikati unanong'ona, "Pumua, bibi, shusha mabega." Nilikuwa nikikata pumzi yako kipande kwa kipande na kuweka taarabu juu yake. Nilikuwa hodari. Kuna wanawake wamekaa nazo filamu zao miaka na hawajui kama kulikuwa na mtu nyuma ya kamera.

Harusi yako ya mwisho ilikuwa ya Nasra, yule binti wa Bofu mwenye vicheko. Unamkumbuka, ulimsimulia habari za laptopu huku wanampaka hina, mpaka somo yake, yule kungwi wake, akakwambia unyamaze. Wiki ile ile kifua kikakubana, na safari hii hakikukuachia. Alasiri, nyumbani kwenu, mamako na mimi tumekushika huku na huku. Kesho yake nilikuwa miongoni mwa waliokuosha. Nilishika kata. Waliniambia nimwage maji polepole nikamwaga polepole. Kisha wanaume wakakubeba, sisi tukabaki ndani na viatu vyao vikaisha mlangoni, na mtu akaniuliza kama chumvi ya pilau ilitosha. Nikaonja. Nikasema imetosha.

Arobaini imepita. Mamako amehamishia cherehani katika chumba chetu cha kazi, anasema mwanga wa pale ni mzuri, lakini sijamwona akishona. Tofali alinipa na mkoba wake. Mfuko wa pembeni ulikuwa na dawa yako ya kuvuta na karanga zilizoota ukungu. Karanga nilizitupa. Aliniuliza, "Ile kompyuta yake alishailipia, au?" Nikamwambia hapana mama, alikuwa akiingoja tu. Akatikisa kichwa akaenda kuwatilia kuku maji.

Sasa nikupe la Nasra, maana ndilo lililonikalisha niandike.

Alinipigia tulipokuwa ndiyo kwanza tumetoka matangani. Sauti yake ile ile ya vicheko. "Dada, filamu yangu vipi?" Wallahi, Ruki, nilifungua mdomo nimwambie. Maneno yalikuwa tayari. Kilichotoka ni, "Tuwie radhi, mwenzangu anangoja ile laptopu mpya, hii ya zamani imechoka." Akacheka mpaka akakohoa. "Yule na laptopu yake! Mwambie nitazeeka!" Nikamwambia nitamwambia.

Nilikata simu nikakaa. Unajua nilikuwa nimekaa namna gani? Vizuri. Mara ya kwanza tangu siku ile. Kwa sababu ng'ambo ya feri kulikuwa na nyumba ambayo ndani yake wewe ni mzima, umekaidi, na unangoja.

Basi nikazoea. Nasra akipiga, nampa habari zako. Amesema labda mwezi ujao. Amesema wanachelewesha makusudi. Anakusalimu. Yeye naye, "Nami namsalimu sana." Nilizipokea salamu zako zote, sikujua pa kuziweka. Mara moja alituma visheti na mtu wa kwao anayefanya kazi Changamwe, mifuko miwili, wako na wangu. Nilikula yote miwili. Vilikuwa vitamu, sitakuficha, ila hiliki alizidisha.

Nami nikawa nafungua habari kila asubuhi kama ulivyokuwa ukifungua wewe, na nikiona bado haijatoka, moyo unatulia. Wewe uliomba itoke. Mimi niliomba ichelewe, ichelewe zaidi. Ikitoka sina udhuru. Nitamaliza filamu, nitaikabidhi, nitafuta kama ulivyoamuru. Na sina mahali pengine ulipo, shoga. Picha zako tulizonazo zote umeziba uso kwa kiganja. Mtu wa kupiga wengine hapigwi, ndivyo ulivyokuwa ukijisifu. Filimbi yako na "shusha mabega" vilikuwa ndani ya harusi ya mtu, kama vile nimefungia kitu changu ndani ya kabati la jirani.

Asubuhi ile ile ilipotoka, kabla chai haijapoa tumboni, Nasra huyo. "Dada, imetoka! Nimeona! Haya, mwambie mwenzako hana pa kupenyea sasa." Halafu akaniambia karatasi zake nazo zimetoka, anamfuata mumewe Maskati, mizigo iko ukumbini, na filamu ndicho kitu pekee ambacho bado hajakifunga.

Sikuinunua laptopu, Ruki. Niliweka Tofali juu ya meza, nikaliwashia feni, nikaanza. Na kumbe linaweza. Linanguruma, linapata joto la kukaangia yai, linazima na kuwaka, lakini linaweza. Nilikata kama tulivyokata siku zote: mama wa Nasra anaingia na chetezo, shangazi wanagombea mbele, yule bibi aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikafika pale Nasra anapoketi na kuinamisha macho. Ukaanza. Filimbi juu, filimbi chini. Mkono wangu ulikuwa tayari pale pale unapokaa siku zote.

Nikauondoa. Nimekuacha. Taarabu nimeiweka mbali, baada yako. Kama kuna kosa la kazi basi ni langu, ila mara moja hiyo sikutaka kukutoa.

Nikavuka kwenda kumkabidhi. Nyumba imejaa masanduku na jamaa, watoto wanafungwa viatu. Aliponiona tu akatazama nyuma yangu. "Mwenzako yuko wapi?" Watu walikuwa wengi na bibi yake alikuwa anamsomea dua ya safari. Nikasema, "Yuko nyumbani." Akanikumbatia mara mbili, ya pili ati yako.

Niliporudi Mtopanga nikafunga mlango, nikafuta. Vyote. Tofali likaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza. Likafikiri kidogo, likamaliza. Nikaenda kuanua nguo.

Jioni nikapata ujumbe wa sauti. Nasra. Nyuma nasikia wanawake wanazungumza na filamu inacheza. "Dada, tumetazama sote, mamangu amelia mpaka basi. Lakini hebu mwambie mwenzako, namsikia pumzi tangu nilipoketi mpaka mwisho, si nzuri ile. Mamangu asema asidharau, kifua kile aende akatazamwe. Mwambie tafadhali. Usisahau."

Nikausikiliza tena. Halafu nikaandika, kwa vidole hivi hivi, maneno ambayo sijawahi kumwandikia wala kumtamkia mtu, kwa sababu wengine wote waliambiwa na watu wengine: Nasra, Rukia alifariki wiki ya harusi yako. Nikatuma.

Alama ikaonyesha amesoma. Akaanza kuandika, akaacha. Akaanza, akaacha. Nikawaza sasa atanilaani, na ana haki, nilimdanganya tangu mwanzo mpaka kwenye mlango wake mwenyewe. Jibu lilipokuja lilikuwa swali moja tu.

"Na zile salamu?"

Ruki, hapo ndipo. Nilikaa sakafuni nikalia, nikalia kwa sauti mbaya, kamasi na kila kitu, Mama akaja akanivua mtandio uliokuwa umenikaba, akakaa nami chini hajui hata tunalilia nini. Uchungu wote ulikuja pamoja, wa kata, wa pilau, wa viatu vya mlangoni. Simu ilikuwa bado mkononi. Nilipoweza kuona herufi nikamjibu Nasra kwamba salamu zilikuwa zangu, zote, na kwamba aliponirudishia nilizihitaji.

Hajajibu. Labda yuko angani saa hizi. Umo ndani ya sanduku lake, wewe na filimbi yako, na bila shaka wewe ndiwe mzigo mwepesi kuliko yote aliyoibeba.

Haya, shoga, nikuache upumzike. Mungu akupanulie kaburi lako na kifua chako. Sina cha kukuahidi kikubwa. Laptopu nitanunua, si ya samawati, yoyote nitakayoikuta dukani siku nitakayoingia. Na hili naliahidi kwa jina lako: mtu yeyote atakayeniuliza tena mwenzangu yuko wapi, kuanzia kesho, nitamjibu kweli mara hiyo hiyo anayouliza. Na nikimaliza kumjibu, nitamsimulia ulivyokuwa.

Ni mimi, mkataji wako,
Saumu