Sakafu Yenye Nyayo za Kuku

Jumapili, 9 Juni 2024

Nimefika Kwamndolwa, Korogwe, mchana, vumbi la Handeni bado kichwani. Nyumba ni yangu, mume ni wangu, halafu narudi kulala kwa mama mkwe kama mgeni aliyemaliza harusi! Siku mbili kwa mume Kang'ata, tena kulala kwenyewe kwa mama mchungaji, maana kwangu hakulaliki.

Radoni. Jina zuri, ungempa mtoto. Ni hewa inayotoka ardhini. Haina harufu, haina rangi, haina hata adabu ya kumkohoza mtu ajue imefika. Inapenya kwenye nyufa za sakafu, inajaa chumbani ukifunga madirisha, na ukiivuta miaka mingi inaleta saratani ya mapafu. Aliyetuambia ni Bwana Hiza, mtafiti wa chuo aliyepita akipima nyumba za karibu na mashimo ya dhahabu. Yetu ilisoma zaidi ya mia nne. Akasema ikipita mia tatu msikae tu. Tukapima tena — vilevile.

Na kosa tulilibeba wenyewe kwa toroli. Msingi tuliujaza kifusi cha mashimoni, kumbe ndicho kinachotoa hewa hiyo; wachimbaji walikuwa wanagawa bure. Mume wangu Laurenti alifurahi, akasema Mungu hamtupi mja wake. Kweli hakututupa, alitutupia mawe.

Safari hii kipimo cha tatu nimemwachia akitundike mwenyewe, basi lilikuwa linaniacha. Ni kidude cheusi, kidogo kama kifuniko cha chupa ya maji. Nimekishonea utepe wa kitenge changu cha bluu, kile cha sendoff. Nimemwambia: juu ya kitanda, mbali na dirisha, miezi mitatu usikiguse. Akilala auone utepe, anikumbuke. Ndiyo, nina wivu mpaka na dari.

Jumatano, 12 Juni 2024

Nimeshona gauni la bibi harusi wa Manundu kutwa nzima. Mwenzangu anaenda kwa mumewe. Mimi napima kiuno chake na kutabasamu.

Nimemkumbuka. Basi, sina zaidi.

Jumamosi, 6 Julai 2024

Tumegombana na Laurenti kwenye simu. Alikuwa amepanda kile kilima nyuma ya shule anayofundisha, ndiko mtandao unashika, na upepo ulikuwa unameza nusu ya maneno. Labda heri.

Hiza alitupa njia mbili. Ya kwanza, kupunguza: uvunje sakafu ya chumba, ulaze bomba chini yake, ulipandishe mpaka juu ya bati, ufunge feni ya kuvuta hewa usiku na mchana. Feni inakula umeme siku zote, ikichoka ununue nyingine. Ya pili, kufuatilia: acha sakafu yako, fungua madirisha, pima kila baada ya muda uone. Laurenti kang'ang'ania ya pili. Anasema kupima ni karibu bure, feni ni kama kuoa mke wa pili, kila mwezi anataka hela.

Nikamwuliza, na mke wa kwanza je? Upepo ukajibu.

Yeye analala humohumo. Mtu mzima, anasema, kifua chake kishazoea chaki. Ila mimi na Upendo hapana, mtoto ana miaka mingi ya kuvuta hewa mbele yake. Hapo simbishii, ndiyo maana inaniuma. Kupanga chumba kingine? Tangu dhahabu itoke wachimbaji wamejaa Kang'ata mpaka kwenye mabanda.

Lakini hesabu yake ina shimo. Kaweka bei ya bomba, saruji, fundi, umeme wa miaka kumi. Hakuweka mwaka na nusu huu. Hakuweka kwamba Upendo kang'oka meno mawili ya mbele na baba yake kayaona kwenye picha. Kufuatilia ni bure kwa anayefuatilia. Anayesubiri ndiye analipa.

Mama mkwe alinisikia nikipaza sauti. Akasema wao kule Lushoto walilelewa kwenye nyumba za udongo, moshi ndani, mbuzi ndani, na hakuna aliyepimiwa pumzi. Nikasema ndiyo mama. Kisha akaongeza, taratibu, kwamba babake Laurenti naye alipenda kusubiri mambo yajinyooshe yenyewe. Akanimegea kipande kikubwa cha bada, ugali wake wa muhogo, nikajua yuko upande wangu.

Alhamisi, 15 Agosti 2024

Leo nimejua kwa nini hataki kuvunja. Si feni.

Upendo alikuwa anamwuliza baba yake kwenye simu, kuku wetu wa Kang'ata bado yupo? Laurenti akacheka mpaka akakohoa. Akasema kuku tulishamla zamani, lakini nyayo zake zipo.

Nilikuwa nimesahau! Siku anasakafia chumba chetu, sakafu nyekundu kama nilivyoomba, saruji mbichi kabisa — kuku wetu jike akaingia, akatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, kwa madaha, kama mama mwenye nyumba. Fundi Matayo alitaka kufuta. Laurenti akakataa. Nilikuwa na mimba ya Upendo, nilicheka nikakaa chini. Tulilala humo miezi minne tu, ndipo nikaja huku kujifungua, halafu kazi ya cherehani ikanishika huku miaka, na tulipotaka kurudi akaja Hiza.

Akaniambia polepole: Mama Upendo, kila asubuhi nakanyaga pale ulipocheka. Nikivunja nabaki na nini?

Nilitaka kumtukana na kumkumbatia, na simu haiwezi yote mawili. Namtaka mtu mwenyewe, na harufu ya chaki, na mguu wake wa baridi. Yeye anatunza nilipocheka. Mimi nicheke wapi tena?

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Kipimo kimefika kwa Hiza. Kusubiri majibu sasa. Cherehani imekata sindano mara mbili leo, nakanyaga kwa hasira.

Jumanne, 8 Oktoba 2024

IMESHUKA!!

Hiza kapiga mwenyewe. Chini ya mia moja! Nimepiga kigelegele dukani, wateja wakadhani nimefiwa au nimezaa. Laurenti anasema ameanza kufungua madirisha kila siku, kumbe ndiyo dawa. Tunahamia shule zikifungwa Desemba. Bila feni, bila kuvunja. Kuku wetu kapona!

Mama mkwe kaenda chumbani kwake, akarudi na sufuria lake kubwa. Akasema kapikie mume wako. Yeye atabaki, nyumba yake ni hapa. Macho yalikuwa na maji, akasingizia kitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Hiza kapiga tena. Anasema ameshangaa kidogo, madirisha peke yake kwa kawaida hayashushi namna hiyo. Je, kilitundikwa palepale pa mwanzo? Nikasema ndiyo, palepale. Nimejibu haraka kuliko nilivyojua.

Msimu hubadilisha, alisema. Ndiyo. Msimu.

Alhamisi, 5 Desemba 2024

Nimefunga mashine, vitambaa, vyombo. Kitanda kimefunguliwa, leo tunalala chini. Upendo kapakia kwanza mdoli, kisha kamwuliza bibi yake kama Kang'ata kuna bibi wa kukopesha.

Siwezi kukaa. Siwezi kula. Mwanamke mzima, moyo unaruka kama wa msichana anayesubiri barua!

Jumamosi, 7 Desemba 2024

Naandika nimekaa juu ya gunia la mahindi, sebuleni kwangu Kang'ata. Nje Canter bado ina mzigo. Niandike upesi kabla dereva hajaita tena.

Laurenti alitupokea barabarani. Kakonda. Alimbeba Upendo mabegani, mimi kanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi. Tulifika, nikaegemea nguzo ya baraza kupumua kidogo. Nikainua macho.

Utepe wangu. Kwenye msumari wa nguzo ya baraza, pale anapofunga kamba ya nguo. Upande mmoja bado wa bluu, upande mwingine umepauka mpaka kuwa kama majivu. Chumbani kwetu jua halifiki juu ya kitanda. Jua la miezi mitatu haliingii chumbani kwetu.

Niliugusa tu. Yeye ndiye aliyesema. Nilichoka, Mama Upendo. Nilikitundika ndani siku ya kwanza, nikalala nikikiangalia, nikajua kitasema yaleyale, na tutapima tena, na tena. Nikakitoa nje. Nilitaka uje.

Mungu wangu. Mwaka na nusu namwita huyu mwanamume jiwe. Kumbe aliungua kuliko mimi, mpaka akakipa kipimo upepo wa nje kikapime. Nilitaka kumpiga. Nilimshika uso kwa mikono miwili. Nikamwambia, na Upendo? Akaangalia chini.

Nilipoingia chumbani nilimkuta Upendo amepiga magoti, anatia vidole kwenye nyayo za kuku, moja baada ya nyingine, akielekea dirishani. Katikati ya unyayo wa nne na wa tano kuna ufa. Nimeupitishia kiganja, nikahisi kaubaridi kanapanda. Labda nimejidanganya. Nimemtoa mtoto nje.

Laurenti kaniuliza, sauti ndogo, mnarudi Korogwe? Dereva naye anauliza, mama, tunashusha au hatushushi, mvua hiyo.

Sirudi. Nimempigia Fundi Matayo, kasema anakuja na nyundo mbili. Nyundo ya Laurenti mwenyewe iko nyuma ya mlango, nimemwonyesha. Bado amesimama. Hajaishika.

Na kitanda nimemwambia dereva akishushie barazani. Hewa ya pale ilishapimwa.