Mkanda Uliopita Nyuma ya Mgongo

Bongwe, Ukunda
14 Februari 2025

Mpendwa Sharif, mwana wa ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku tu wazima, ila magoti yangu hayataki tena ngazi. Nawe baridi ya Ujerumani yakuendeaje? Watoto bado wazungumza Kiswahili? Tangu tuhamishwe ufuoni, mkabala na kisiwa cha Chale, nimezoea jamaa zangu kutawanyika, lakini wewe umezidisha.

Umeniuliza watu wa huku wanavyokaa garini, ili kamera ya ndani ya gari mnayoitengeneza huko kazini kwenu iweze kuutambua mkanda uliovaliwa vibaya. Jibu ninalo, na nimelipata kwa mjukuu wangu Mishi, ambaye sasa ni mjamzito wa miezi minane.

Mwezi uliopita mumewe, Chirau, alitupeleka kliniki Msambweni kwa teksi yake. Mishi alikaa mbele, kajitanda leso. Mkanda ulikuwa umechomekwa na kengele ya gari ilikuwa kimya. Lakini mimi niliyekaa nyuma niliuona ukitoka kwenye nguzo ya mlango na kupita nyuma ya mgongo wake. Nikamwambia Chirau.

"Babu, gari lenyewe limenyamaza, wewe walalamikia nini?"

"Gari halina mimba," nikamjibu.

Walicheka, tukaendelea. Karibu na Mwabungo bodaboda ilitukata mbele, Chirau akakanyaga breki, na Mishi akarushwa. Alijikinga kwa mikono. Kliniki, muuguzi alisikiliza moyo wa mtoto kwa muda nilioona hauishi. Alhamdulillahi, ulikuwa ukidunda. Kisha akamwonyesha Mishi: mkanda wa chini ukae kwenye nyonga, chini ya tumbo, wa juu upite begani na katikati ya matiti.

Kumbe mke wangu Twaiba ndiye aliyemkataza kujifunga. Wajua wazee wetu wanavyoamini, mjamzito hazongwi kitu tumboni, kitovu kisije kikamzonga mtoto shingoni. Basi Mishi aliuchomeka ili gari linyamaze, akauegemea ili bibi yake aridhike.

Sikubishana na Twaiba, maana miaka yote sijamshinda. Nilimwomba Chirau alete gari uani, Mishi akakaa na kujifunga kama alivyofundishwa. Twaiba akapitisha kiganja kati ya mkanda na tumbo, akakitoa, akakipitisha tena.

"Hapa tumbo halikuzongwa," akasema. "Lakini huyu mjukuu wako simwamini. Nitamfunga mwenyewe."

Kwa hiyo, mwanangu, kamera yenu isitegemee kifungo. Iutazame mkanda unakotoka kwenye nguzo, na iuone ukikalia mfupa wa bega. Leso na buibui zitaufunika. Hapo bora iseme kwamba haioni, kuliko kunyamaza kana kwamba mambo ni sawa. Naamini mtaiweza. Wewe tangu utotoni hukuacha kitu nusu.

Leo asubuhi Mishi amekwenda tena kliniki. Twaiba alitoka na kanga yake ya jikoni, akaifunua leso ya mjukuu, akauvuta mkanda mpaka ukakaa, akampiga Chirau kofi la bega na kumwambia aende polepole. Wamepiga simu sasa hivi: wamefika, na mtoto anacheza tumboni.

Nisalimie mkeo Jumwa na watoto. Twaiba na Mishi wakusalimu sana. Chirau naye, ingawa hanitazami usoni tangu siku ile. Mungu akulinde uendako na akurudishe ungali na hamu ya kwenu.

Ami yako akupendaye,
Abdurahman